Mashuka Makavu Kabla ya Saa Nane

Jumamosi mashuka yalipotoka mabichi kwa mara ya kwanza, Shangazi alijilaumu mwenyewe. Alidhani amebonyeza vibaya. Akayarudisha ndani ya mashine ya kukaushia, akaongeza dakika arobaini, akasimama mbele ya kioo cha mlango akiyatazama yanavyojibiringisha. Robo saa haijatimia, mashine ikazima yenyewe. Alipofungua mlango, mvuke ulimpiga usoni. Mashuka yalikuwa ya moto kama yametolewa kwenye chungu, na bado yalikuwa yamelowa.

"Imeanza vituko," alisema Mpole, mwenzake wa kwenye mashine ya kufulia. Jina hilo alipewa kwa utani, maana mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko.

"Kituko ni wewe. Uliyakamua vizuri?"

"Nimeyakamua mpaka yamelia, Shangazi."

Hospitali nzima ilimwita Shangazi, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mganga mkuu, kwa sababu alikuwa na tabia ya shangazi hasa: anakugombeza huku anakufunga kifungo ulichosahau. Alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa katika chumba kile cha kufulia. Alijua shuka la wodi ya wazazi kwa kulishika tu, na alijua doa la dawa ipi linatoka kwa maji ya moto na lipi linatoka kwa maji ya baridi. Mashine ya kukaushia aliizoea kama mtu anavyomzoea jirani mkorofi. Ikitoa mlio, alijua inalalamikia nini. Safari hii hakuijua.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Jumanne madaktari wa macho walikuwa wanakuja, kama wajavyo mara moja kwa mwaka, kuwatoa watu mtoto wa jicho. Orodha ilikuwa na wagonjwa hamsini na wawili. Kila mmoja alihitaji shuka la kulalia, kitambaa cha kumfunika kichwa na kifua, na gauni. Madaktari na wauguzi nao walikuwa na gauni zao za kubadilisha. Vyote hivyo vilitakiwa vikauke kabisa, vikunjwe na kufungwa, ndipo viingie kwenye mashine ya mvuke ya kuulia vijidudu. Furushi lenye unyevu Metroni, mkuu wa wauguzi, alikuwa analirudisha bila kusema neno, na ukimya wake uliuma kuliko matusi. Kuanika nje hakukuwezekana. Mvua ilikuwa siku ya sita, haikati wala haipungui, na kamba za uani zilichuruzika tu.

Mgonjwa namba saba kwenye orodha alikuwa kaka yake Shangazi.

Kaka huyo alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini. Aliacha kazi siku aliposhona mfuko wa shati ukaungana na mkono, mteja akavaa na kushindwa kuutoa mkono. Alicheka siku ile kuliko mteja, lakini jioni aliifunika cherehani yake kwa kitambaa na hakuifunua tena. Mwaka uliopita alifika mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, presha ikapanda, akarudishwa nyumbani. Safari hii alikuwa amelazwa tangu Ijumaa ili presha ipimwe asubuhi na jioni, na ilikuwa imetulia vizuri.

Jumapili asubuhi aliitwa Fundi wa mitambo ya hospitali. Alikuja na sanduku lake la vifaa, akafungua kifuniko cha mbele, akachungulia kwa tochi, akaiwasha mashine, akasubiri. Ikazunguka kidogo, ikazima.

"Kipasha moto kimekwisha," alisema akikunja uso. "Kinawaka, kinakufa. Kipya kinaagizwa. Wiki tatu, zikizidi nne."

"Lakini nguo zinatoka za moto," Shangazi alisema. "Hata sasa ukishika zinakuunguza. Kama kipasha moto kimekufa, huo moto unatoka wapi?"

Fundi alifunga sanduku lake. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ameamshwa siku yake ya kupumzika na miguu yake ilikuwa imelowa. "Shangazi, wewe kazi yako ni kufua. Mimi kazi yangu ni mashine. Kila mtu ashike ya kwake."

Maneno yale yalimwingia. Alichukua shuka mojawapo akalikunja kwa mikono miwili, taratibu, mpaka Fundi alipotoka.

Katibu wa hospitali naye hakuchelewa. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yapendeze. Kwa ajili ya wageni hao alikuwa ameagiza jengo lote lipakwe rangi, nje na ndani, na wapaka rangi walikuwa wamemaliza upande wa kufulia Ijumaa ile ile. Alisimama mlangoni akiangalia asiguse ukuta kwa koti lake.

"Msafara wa madaktari unaondoka mjini kesho saa tisa alasiri," alisema. "Wakishaondoka siwezi kuwarudisha njiani. Kama mpaka kesho saa nane hakuna nguo kavu, nawapigia simu tuahirishe."

"Tuahirishe mpaka lini?" Shangazi aliuliza.

"Wanakuja mara moja kwa mwaka. Unajua mwenyewe."

Mchana alipompelekea kaka yake chakula, hakukusudia kumwambia. Lakini Kaka alikuwa amezoea kusikia mengi zaidi tangu macho yafifie.

"Mbona unapumua kama uliyebeba gunia?" alimwuliza.

Basi akamweleza yote. Kaka alisikiliza huku vidole vyake vikitembea juu ya shuka la kitanda, kama vilivyokuwa vikitembea juu ya vitambaa dukani. Kisha akalivuta pindo, akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, mara mbili, mara tatu.

"Mdogo wangu, hili mmelifulia nini?"

"Sabuni. Ile ile."

"Siyo ile ile. Lina utelezi. Kitambaa cha pamba hakina mguso wa namna hii. Kama limepakwa mafuta ya nywele."

Shangazi alilishika. Alikuwa akishika mashuka mia kwa siku, na labda ndiyo maana hakulisikia mapema. Kweli, lilikuwa na utelezi. Akainuka bila kumaliza mazungumzo, akaacha hata kijiko mkononi mwa Kaka.

"Mpole," alisema alipoingia chumba cha kufulia, "unaweka nini kwenye maji ya mwisho?"

Mpole alienda nyuma ya ndoo akatoa dumu la dawa ya kulainisha nguo, la buluu, lenye picha ya maua. Lilikuwa limeletwa kama zawadi na mwuza sabuni mwezi uliopita. "Naweka kidogo. Nguo zinanukia vizuri. Wagonjwa wanafurahi."

"Kidogo kiasi gani?"

"Vikombe viwili."

"Kwa kila mzigo?"

"Vitatu, ukiwa mzigo mkubwa."

Shangazi alienda kwenye mashine ya kukaushia, akachomoa chujio lililo chini ya mlango, lile linalokamata manyoya ya nguo. Alikuwa analisafisha kila siku, tena mara tatu. Lilikuwa safi machoni. Akalipeleka bombani, akalilaza, akafungulia maji juu yake.

Maji yalisimama. Yalikaa juu ya wavu kama yamemiminwa kwenye sahani, hayapiti hata tone.

"Ona," alisema polepole. "Kama maji hayapiti, hewa itapitaje?"

Ile dawa ilikuwa imeganda kwenye vitundu vya wavu, utando mwembamba usioonekana, mzigo baada ya mzigo. Alichukua brashi, maji ya moto na sabuni, akasugua mpaka mabega yakauma. Alipofungulia bomba tena, maji yalipita moja kwa moja kama mvua kwenye chandarua. Mpole akapiga kofi moja la furaha.

Wakapakia mashuka, wakawasha. Dakika kumi, kumi na tano, ishirini. Mpole alianza kuimba. Dakika ya ishirini na tano mashine ikazima. Mashuka yalikuwa na nafuu, ila bado hayajakauka. Mpole akanyamaza katikati ya wimbo.

Lakini Shangazi hakuvunjika moyo. Jana ilikuwa inazima kabla ya robo saa. Leo imefika ishirini na tano. Alikwenda nyumbani jioni ile akiwa na wazo moja kichwani, na alipokuwa anapika, wazo likapata mwili. Aliangalia sufuria lake lililofunikwa. Moto upo, maji yanachemka, mvuke unapanda, unagonga mfuniko, unarudi chini kuwa maji. Unaweza kuchochea mpaka kesho, mchuzi hautapungua. Akafunua mfuniko, mvuke ukatoka zake. Basi, mashine yake haikukosa moto. Ilikuwa imefunikwa. Joto likizidi ndani, kuna swichi ya usalama inayokata umeme ili isiungue. Ile ndiyo iliyokuwa ikiizima, na ndiyo iliyomdanganya Fundi.

Jumatatu saa moja asubuhi alikuwa tayari amesimama pembeni ya mashine, shavu ameliegemeza ukutani, anachungulia nyuma. Zamani mkono wake ulikuwa unapita kati ya mashine na ukuta. Sasa hata ufagio haukupita.

"Nani ameisogeza hii?"

"Wapaka rangi," Mpole alisema. "Ijumaa. Waliivuta wapake nyuma, wakairudisha."

"Wakairudisha kwa kuikumbatisha ukuta."

Alimtuma Mpole akamwite Fundi. Mpole alisita. "Si alisema kila mtu ashike ya kwake?"

"Ndiyo. Umeme ni wake. Mwambie aje ashike."

Fundi alikuja akiwa na uso wa mtu anayetegemea ugomvi. Hakuupata. Shangazi alimsalimia, akamwonyesha chujio, akamweleza habari ya sufuria. Fundi alisikiliza akitazama sakafu. Shangazi alipofika kwenye swichi ya usalama, Fundi alinyanyua kichwa.

"Sikuipima," alisema. "Nilisikia imezima, nikahukumu." Kisha akaenda kwenye ubao wa umeme, akakata umeme wa mashine nzima, akarudi akavua koti. "Haya. Tuivute."

Waliivuta watu watatu, inchi kwa inchi, ikilia kwenye sakafu. Nyuma yake bomba la kutolea hewa, lile pana la bati jembamba linaloingia ukutani, lilikuwa limebonyea na kujikunja kama soksi. Fundi alilichomoa. Ndani palikuwa pameshindiliwa manyoya ya nguo, ya kijivu, mazito, yenye unyevu. Shangazi alianza kuyatoa kwa mkono. Yakatoka na kutoka. Mpole alileta beseni, likajaa, akaleta la pili.

"Hii ingeshika moto siku moja," Fundi alisema, na sauti yake haikuwa na utani. "Jengo zima."

Alilinyoosha bomba kwa magoti, akakata sehemu iliyochanika, akaliunganisha likawa fupi na limenyooka. Wakairudisha mashine, safari hii wakiacha nafasi ya mtu kupita kiubavu. Fundi akarudisha umeme. Ilikuwa saa nne na nusu.

Wakapakia mzigo, mashine ikanguruma. Shangazi hakusimama mbele ya kioo kama kawaida yake. Alitoka nje kwenye mvua, akazunguka jengo mpaka upande ule ambao hewa hutokea, akainua kiganja. Miaka yote ile, ukipita pale ulikuwa unapulizwa na upepo wa moto wenye harufu ya nguo safi. Paka wa hospitali walikuwa wanalala chini yake. Sasa hapakuwa na paka wala upepo.

Akatazama juu. Ukuta, uliokingwa mvua na upenu wa paa, ulikuwa unang'aa, rangi ya krimu, umepakwa kwa unadhifu wa hali ya juu. Na kifuniko cha bati kilichoning'inia kwenye tundu, kile kinachofunguka hewa ikitoka na kujifunga isipotoka, kilikuwa kimepakwa pia. Rangi ilikuwa imejaa kwenye bawaba, imezunguka kingo zote, imekauka. Kilikuwa kimegandishwa ukutani kama stempu kwenye bahasha.

Shangazi alianza kucheka. Alicheka peke yake, mvua inamshuka shingoni, mpaka Mpole na Fundi wakatoka kuona kuna nini. Aliwaonyesha kwa kidole. Fundi akashika kichwa.

Katibu naye alifika, mwavuli mkononi, saa mkononi, maana ilikuwa inakaribia saa tano na alitaka kujua kama apige simu. Alifuata kidole cha Shangazi.

"Kina tatizo gani?" aliuliza. "Hicho niliwaambia mimi wasikiache. Kilikuwa na kutu, kinatia aibu."

Mpole alikuwa anajiuma midomo.

"Katibu," Shangazi alisema kwa heshima zote, "nitakikwaruza kidogo. Naomba utuwie radhi kwa rangi."

Fundi aliweka ngazi, lakini hakupanda. Alimshikia Shangazi. Shangazi akapanda na kisu cha kukwangulia, akapitisha ncha kwenye ukingo wa juu, wa kulia, wa chini. Rangi ilitoka vipande vipande kama ganda la yai. Alipofika bawaba ya mwisho, kifuniko kikaruka chenyewe kikampiga kidoleni, na pumzi ya moto ikatoka ukutani kwa nguvu, ikampeperushia kitambaa cha kichwa. Nyuma ya pumzi ikafuata mvuke mweupe, mwingi, ukipanda katikati ya mvua, na mabaki ya manyoya yakarukaruka yakatua kwenye koti jeusi la Katibu.

Katibu aliyatazama. Halafu akamtazama Shangazi aliye juu ya ngazi, kichwa wazi, anacheka. Na yeye akaanza kucheka. "Sasa hiyo ndiyo hewa," alisema.

Walirudi ndani mbio. Bado palikuwa na kazi. Mzigo ule ulipotoka ulikuwa mkavu, ila lile shuka kubwa lilikuwa limejifunga fundo na kumeza vitambaa vidogo vinne, na vile vya ndani vilikuwa vimelowa kama vilivyoingia. Hilo Shangazi alilijua, ila haraka ya siku mbili ilikuwa imemfanya ashindilie kila kitu pamoja. Sasa alipanga kazi upya. Mashuka peke yake. Vitambaa peke yake. Gauni peke yake, mikanda imefungwa isijisokote. Kila nguo ikung'utwe kabla ya kuingia, na pipa lisijazwe kupita theluthi mbili.

"Na wewe," alimwambia Mpole, "kila mzigo ukamue mara mbili. Na hilo dumu lako la maua lipeleke stoo."

"Nilishalipeleka," Mpole alisema. "Hata kuliangalia naona aibu."

Mzigo wa kwanza wa mashuka uliwekwa saa tano na dakika kumi. Mashine ilizunguka haizimi. Dakika ya thelathini na nane ikapiga kengele yake ya kumaliza, kengele ambayo hawakuisikia tangu Ijumaa. Shangazi alifungua mlango. Hapakuwa na mvuke wa kumpiga usoni, ila joto kavu tu. Alichukua shuka la juu akaliweka shavuni. Likafuata la katikati, na la chini kabisa. Yote yalikuwa makavu mpaka kwenye mapindo. Akampa Fundi lile shuka alishike mwenyewe. Fundi alilishika, akatikisa kichwa.

"Maneno yangu ya jana," alisema, "nayaondoa."

"Yameshaondoka na ule mvuke," Shangazi alimwambia. "Shika ncha ile tukunje."

Saa saba na nusu Shangazi alipanda ngazi hadi ofisi ya Katibu akiwa amebeba furushi moja mikononi, mashuka kumi yaliyokunjwa sawasawa. Metroni alikuwepo. Alilifungua, akapitisha kiganja katikati ya kila kunjo, hadi la mwisho. Alinyamaza kama kawaida yake. Kisha akamgeukia Katibu.

"Usipige simu," alisema. "Waje."

Mashine haikupumzika mchana kutwa, na Fundi hakuondoka. Alikunja gauni, vibaya kidogo, Mpole akimcheka na kumrekebisha. Jua la jioni, ambalo lilikuwa halijaonekana kwa siku saba, lilichungulia kidogo dirishani wakati furushi la hamsini na mbili linafungwa.

Jumanne asubuhi Kaka aliingizwa chumba cha upasuaji akiwa wa saba, presha yake imetulia. Wauguzi walisema aliwachekesha mpaka daktari akamwomba anyamaze ili mkono usitikisike. Kufika Jumatano mchana wote hamsini na wawili walikuwa wameshatoka, na hakuna furushi hata moja lililorudishwa. Daktari mkuu wa macho aliomba aonyeshwe chumba cha kufulia. Alimpa mkono Shangazi na Mpole, akasema wamefika hospitali nyingi lakini mashuka kama yale ni nadra. Mpole alilielezea jambo hilo wodi zote, na kila wodi mashuka yalizidi kusifiwa.

Kaka alifunguliwa bandeji asubuhi ile ya Jumatano, Shangazi akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Alifumba jicho, akafumbua, akafumba tena. Machozi yakamtoka kwa sababu ya mwanga. Kisha akamtazama dada yake kwa muda mrefu, kama anayesoma barua.

"Tangu lini unavaa miwani?"

"Mwaka jana, mwezi wa tatu."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia ili iweje?"

"Ningekuchagulia fremu nzuri," alisema. "Hii imekupa sura ya hakimu." Akainua mkono akaigusa, akaiweka sawa puani pake, polepole, kwa vidole vya fundi.

Shangazi alitaka kumgombeza, ila alijikuta amemshika ule mkono na hauachi. Wakakaa hivyo mpaka muuguzi alipokuja na karatasi za kumruhusu. Mchana Kaka alivaa viatu vyake mwenyewe, akafunga kamba mwenyewe, akakataa kushikwa mkono kwenye ngazi. Alishuka moja moja, akizitazama. Chini alikuta dimbwi la maji ya mvua, akalikwepa kwa hatua moja pana, akageuka nyuma kuhakikisha kama dada yake ameona.